Meza ya Bi Esha na Mgongo Wangu

Bi Esha,

Shikamoo.

Nimelipiga neno hilo kwa mazoea, kisha nikakaa nikalitazama kwenye karatasi. Miaka sita niliingia kwa mlango huu nikasema shikamoo kabla sijaweka mkoba chini, na wewe bila kugeuka, vidole viko kazini, ukaitikia marahaba na kuongeza swali lako lile lile: "Mgongo umeamkaje?" Hukuuliza mimi nimeamkaje. Uliuliza mgongo, kana kwamba mimi na mgongo wangu tulilala nyumba mbalimbali, na wewe ulishajua ni nani kati yetu aliye mkorofi.

Basi leo nakujibu. Mgongo uliamka vibaya kila siku tangu uende, mpaka wiki hii. Wakili yuko mahakamani tangu asubuhi, Mzee Charo ametumwa posta, na mimi niko peke yangu na mashine ya taipu. Nitakueleza yote, lakini nianze mwanzo, maana wewe hukupenda mtu anayeanza habari kwa mkia.

La kwanza ni kwamba sikukuzika. Ijumaa ile tuliagana hapo mlangoni. Nikakwambia naenda Magarini kumwona mama, nikakuuliza nikuletee nini, ukasema mihogo, lakini ile myembamba, ile minene ina nyuzi. Jumatatu nikaingia na mihogo myembamba kikapuni, nimeichagua mmoja mmoja huku mama akininung'unikia kwamba namharibia shamba. Nikasema shikamoo. Kiti kitupu. Buibui lako halikuwa msumarini. Nikaweka kikapu juu ya meza yako, nikaketi kwenye yangu, nikaanza kazi, nikijua umecheleweshwa na mvua. Ukurasa mzima nimeupiga nikiwa najua umecheleweshwa na mvua. Ndipo wakili akatoka chumbani mwake, akasimama karibu na kabati la faili, akavua miwani. Akasema umefariki Jumamosi alfajiri, presha, na kabla ya alasiri ulikuwa umeshazikwa.

Kwetu maiti husubiri watu. Tunakesha, tunapika, tunaimba, na wa mbali anangojwa hata akiwa mbali namna gani. Kwenu hamngoji, nami nalijua hilo, sikuanza kuishi na nyinyi jana, na sikumlaumu mtu. Lakini moyo wangu wa Kigiriama ulikaa siku nyingi ukingoja mazishi yaliyokwisha pita. Mihogo niliipeleka mtaani kwenu Barani, matangani, nikaiweka jikoni kwenu bila kusema imetoka kwa nani. Sijui nani aliila.

Nakumbuka jinsi ulivyonipokea hapa. Miaka hii ya themanini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, nami nimetoka chuo cha taipu Mombasa na cheti changu kipya ndani ya bahasha. Chuoni walinifundisha kupiga bila kutazama vidole. Kukaa hakuna aliyenifundisha, kwa sababu kukaa kila mtu anadhani anajua. Nilijikunja juu ya mashine, shingo mbele, miguu nimeipachika kwenye fito za kiti, na karatasi ninayonakili nimeilaza mezani upande wa kushoto, hivyo kila mstari niliuinamia kuusoma kisha nikainuka kuupiga. Siku ya tatu ulisimamisha taipu yako, ukanitazama kwa muda, ukasema, "Mwanangu, wataka kuipiga hiyo mashine, au wataka kuingia ndani yake?"

Nilikasirika. Nilikuwa msichana wa cheti, na wewe mwanamke wa makamo mwenye mtandio uliofifia rangi, unaniambia mambo ya kukaa. Nikakujibu kwamba kila mtu na kukaa kwake. Ulirudi kwenye taipu yako, mgongo umenyooka, mabega yako chini, viwiko karibu na mbavu, unapiga kama mtu anayepepeta mchele bila haraka. Asiyesikia la mkuu, Bi Esha, ungeweza kulimalizia papo hapo, lakini uliniacha nilimalizie mwenyewe.

Mvua za mwaka ule hazikwisha kabla sijavunjika guu. Penseli ilinianguka, nikainama kuiokota, na kuinuka kukanishinda. Nilibaki nimeshika mguu wa meza, machozi yananitoka, naona haya. Ukaja ukaniketisha, hukunicheka wala hukunikumbusha. Ulitoa leso kwenye mfuko wako, ukaikunja mara nne, ukaipachika kati ya kiti na kiuno changu. Ukamtuma Mzee Charo dukani akarudi na kreti ya soda, ukaipindua chini ya miguu yangu ili nyayo zikae mahali. Kisha ukaichukua ile karatasi ya kunakili ukaisimamisha mbele yangu, umeiegemeza kwenye faili na kuibana kwa kibanio cha nguo. "Macho ndiyo yende kwenye karatasi," ukasema. "Shingo ikae kwake."

Halafu ukaniuliza kama mimi si wa Magarini. Nikasema ni wa huko. Ukaniuliza kama sikubeba maji. Nikasema nilibeba tangu utotoni, ndoo kichwani, kutoka kisimani mpaka nyumbani, na njia yenyewe ya mawe. Ukaniuliza kama yalimwagika. Nikajibu kwa kiburi kwamba mimi sikuwahi kumwaga maji.

"Basi keti na ndoo yako," ukasema.

Tangu siku hiyo, kila nilipoanza kuporomoka kitini, ulisema neno moja tu, bila kugeuka: "Ndoo." Nami nikanyooka. Wakili alikaa mwezi mzima akidhani dari linavuja.

Lakini hukuridhika na hilo. Ulisema hata kukaa vizuri kukizidi ni maradhi, kwamba mwili haukuumbwa uwe kabati la faili, na kwamba mtu wa taipu lazima ainuke. Nikasema sina nafasi ya kuinuka, kazi imenijaa. Ukasema, "Mimi nina adhana ya kuniinua. Wewe una nini?" Nikajibu kwamba sisi tuna kengele ya Jumapili. Ulicheka mpaka mtandio ukaanguka begani. Ulipomaliza ukafuta macho ukasema, "Basi nikiinuka mimi, inuka na wewe. Mimi niswali, wewe unyooshe mgongo. Mungu hatatuchanganya."

Na ndivyo ilivyokuwa miaka sita, adhuhuri na alasiri. Adhana ikiita msikitini, wewe ulisimamisha mstari hata kama uko katikati ya neno, ukaenda kutawadha, ukatandika msala wako nyuma ya kabati. Mimi nilikwenda ukutani, visigino, makalio, mabega na kisogo vyote viguse ukuta, nikahesabu pumzi. Kisha nikainua mikono juu, nikashika kiuno nikarudi nyuma kidogo, nikatembea mpaka barazani na kurudi, polepole, mpaka nisikie unatoa salamu kulia na kushoto. Hatukuzungumza. Mashine mbili zimenyamaza, na mwendo wa nguo yako nyuma ya kabati, basi. Nimekuwa na watu wengi wa kuongea nao maishani, Bi Esha. Wa kunyamaza naye nilikuwa nawe tu.

Unakumbuka walivyosema nimesilimu? Mama mmoja wa kanisani kwetu alileta barua hapa, akanikuta nimesimama ukutani adhana inaita, macho nimefumba, na wewe uko kwenye msala. Habari ilifika Magarini kabla yangu. Mama aliniketisha akaniuliza kwa utaratibu, na mimi nikamwambia, nimesilimu mgongo tu. Nilipokuhadithia uliniambia hiyo nayo si haba.

Sasa nikuambie kosa langu.

Ulipoondoka wakili alitaka meza yako itolewe, ibaki yangu, chumba kipate nafasi. Nikakataa. Nikamwambia meza ya Bi Esha haitoki. Na wiki iliyofuata nikahama kwangu nikaketi kwako. Nilidhani nakuheshimu. Nilidhani nikikaa ulipokaa nitakaa ulivyokaa. Sikugusa kitu, si kikombe cha penseli, si kibanio chako, wala vile vipande vinne vya mbao ulivyoweka chini ya miguu ya meza kuiinua, kwa sababu ulikuwa mrefu na hakuna meza iliyokutosha. Mimi wajua nilivyo mfupi. Kwenye meza yako mabega yangu yalipanda mpaka masikioni, viwiko vikaning'inia hewani, na kreti yangu ya soda niliiacha kule kwangu kwa sababu kwako haikuwapo. Hata leso yako niliyoikuta kitini sikuiweka kiunoni. Niliikunja nikaitia mtotoni mwa meza nikafunga, ili harufu ya asumini isiishe.

Hivyo nikawa mtu aliyejikunja kuliko wote Malindi, nimeketi kwenye kiti cha mtu aliyenyooka kuliko wote. Mzee Charo alileta faili siku moja akasimama akinitazama, akasema, "Mwanangu, meza hiyo yakupanda shingoni." Nikamwambia aniwekee faili ashike njia yake. Yeye mtu mzima, tarishi wa ofisi hii tangu kabla sijazaliwa pengine, nami nilimjibu hivyo. Nimeshamwomba radhi, usinitolee macho.

Na adhana, Bi Esha. Adhana ndiyo iliyonishinda. Siku ya kwanza iliita nikasubiri nisikie kiti chako kikisogea. Hakikusogea. Nikabaki nimeketi. Ningeinuka na nani? Mkristo peke yake ofisini, anainuka kwa adhana, anasimama ukutani, hakuna aliye nyuma ya kabati. Nilijiona nitakuwa kichekesho, na zaidi ya hapo nilijua nikisimama katika ule ukimya nitakusikiliza, na sitasikia kitu. Basi nikaanza kupiga taipu kwa nguvu kila ilipoita. Nilizigonga zile herufi mpaka zikatoboa karatasi ya kaboni, ilimradi ile sauti isinifikie. Wakili alisifu bidii yangu.

Maumivu yalianza begani, yakashuka kiunoni, yakaenda mguuni. Hospitali walinipa vidonge wakaniambia nipumzike. Nilijaribu kujisugua dawa ya kuchua nisikofika, maana chumba changu cha kupanga kina mimi tu, sina mume wala mtoto wa kumgeuzia mgongo. Nikaacha kitanda nikalala chini kwenye mkeka. Asubuhi nilivaa viatu nikiwa nimeegemea mlango.

Na kazi ndiyo ilikuwa imekuja, tena kazi yenyewe ya watu wa kwetu. Wakulima wa Magarini wana kesi ya mashamba yao, kila mmoja na hati yake ya kiapo, rundo linalofika hapa kifuani nikiwa nimeketi, na zote zinatakiwa mahakamani kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nikipiga ukurasa mmoja, naukosea, naurudia. Jina la babu yangu, baba yake mama, nilikuta nimelikosea. Wakili ni mtu mpole, unamjua. Alinijia akasema labda alete msichana kutoka Mombasa anisaidie, kwa muda. Mimi najua maana ya kwa muda. Mgongo ukinishinda, taipu itanishinda, na taipu ikinishinda nitarudi Magarini kushika jembe, na kuinama ndiko nisikoweza. Sikuwa na mlango wa tatu. Nilihesabu milango hiyo miwili kila siku nikiwa njiani kuja kazini.

Siku mbili kabla ya arobaini yako nilikwenda kutoa faili kabatini, na mgongo ukanifunga. Si kuinuka, si kuketi. Nikapiga magoti taratibu mpaka sakafuni, na nilipofungua macho nikaona nimepiga magoti nyuma ya kabati, pale pale palipokuwa msala wako. Pana alama bado, saruji imelainika mahali ulipokuwa ukiweka magoti. Nililia, na nilikukasirikia. Sitakuficha. Nilisema kwa sauti kwamba ulinifundisha kukaa na ndoo, hukunifundisha kukaa bila wewe. Mzee Charo alinikuta hivyo akaniinua kwa makwapa. Akaenda akaniletea chai.

Jumapili nikaja Barani kwenye hitima yako. Nilitoka kanisani nikapitia moja kwa moja, na nguo zangu za kanisani. Wanawake walijaa mpaka uani. Niliketi mkekani pamoja nao, hakuna pa kuegemea, jasho likanitoka kwa maumivu, na Bi Shamsa mdogo wako akaniona. Watu walipoanza kutawanyika akanizuia kwa mkono, akaniambia nilale. Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema lala chali hapo, kunja magoti, nyayo chini, na akanichukulia mto mdogo wa kichwani. Nikalala kwa haya zangu zote. Baada ya muda kiuno kikashuka chenyewe kikagusa mkeka, na nikapumua vizuri mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Hapo ndipo mahala pake," Bi Shamsa akasema. "Hivyo hivyo ulivyolala."

Nikamuuliza mahala pa nani. Akanieleza, naye anakunja mikeka mingine, hanitazami. Kwamba wewe mgongo wako ulikuwa mbovu tangu ujana. Kwamba kabla sijaja mimi, kila siku adhuhuri ikiita uliondoka ofisini ukaenda nyumbani, ni mwendo wa robo saa, ukaswali, mkala pamoja nyinyi wawili, kisha ukalala chali pale mpaka wakati wa kurudi kazini. Kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikikuweka wima. Na kwamba nilipokuja mimi uliacha.

Mimi uliniambia jua la saa sita si la mtu mzima. Miaka sita nimekuona unakula mkate na chai hapo mezani, nami nikaamini ni jua.

"Nalimuuliza, mbona huji tena kula?" Bi Shamsa akasema. "Akanambia, yule mtoto haondoki kitini mpaka aone mtu ameondoka. Nikija nyumbani mimi, yeye ataketi mpaka aote mizizi. Nikamwambia, kwani wewe ndiwe mamake? Akacheka tu. Jioni akirudi hanyanyuki, mimi ndimi nikimkanda kwa mafuta ya nazi. Akinikataza nisikwambie."

Kisha akaketi karibu nami, mikeka imemalizika kukunjwa, hana cha kufanya na mikono yake. "Miaka sita nimekula pekee, Kadzo," akasema. "Sikwambii nikulaumu. Nakwambia ujue."

Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka wako, machozi yanaingia masikioni. Ukiona vyaelea vimeundwa, husema watu, na mimi nilikaa nyuma ya mgongo wako miaka sita nikidhani Mungu alikuumba umenyooka. Sikuwahi hata siku moja kukuuliza wako umeamkaje.

Jumatatu nilimwomba Mzee Charo atoe vile vipande vya mbao. Aliinua meza upande mmoja mimi nikavuta, tukahamia upande wa pili. Nilidhani nitalia, lakini yeye alikuwa akipiga mluzi, basi nami nikaona aibu kulia. Meza ilishuka, viwiko vyangu vikapata pa kukaa. Mbao sikuzitupa. Nimezipanga chini ya miguu yangu mahali pa ile kreti, na nyayo zangu zimekaa juu yake sasa hivi ninapopiga. Leso nimeitoa mtotoni mwa meza nimeiweka kiunoni. Harufu itaisha, na iishe, uliinunua ya kazi. Karatasi nimeisimamisha kwa kibanio chako. Jioni nikifika chumbani nalala chali, magoti nimeyakunja, kwa robo saa, kama ulivyokuwa.

Mgongo haujapona, nisikudanganye. Lakini umepunguza sauti. Jana nilimaliza hati za ukoo mzima bila kukosea, na jina la babu yangu nimelipiga sawa. Wakili amezipitia, amezitia sahihi alipotakiwa kutia, na habari ya msichana wa Mombasa hajaitaja tena. Rundo limefika hapa chini ya mbavu. Nadhani nitaliwahi.

Kilichobaki ni kimoja. Tangu Jumatatu meza ni yangu, kiti ni changu, na bado adhana ikiita siinuki. Sipigi tena kwa nguvu, nanyamaza, nasikiliza mpaka inaisha, mikono iko mapajani. Lakini siinuki. Juzi niliweka mikono mezani nikajisukuma kidogo, nikatazama kule nyuma ya kabati, nikaketi tena. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kabla ya saa sita, nikiwa peke yangu, nikupe maneno haya badala ya kuyakaza kiunoni.

Jana jioni nilipita Barani nikamwambia Bi Shamsa asipike ya mtu mmoja leo. Aliniuliza nani anakuja. Nikamwambia ni mimi, adhuhuri ikiita naondoka ofisini, na kesho yake pia, na siku zote za kazi Mungu akipenda. Nikamwambia nitakula nikimaliza nitalala mkekani robo saa, kama haoni uzito. Aliingia ndani akaanza kuchagua mchele, na sisi wote wawili tulijua huo mchele ulikuwa wa leo.

Basi hiyo ndiyo ahadi yangu, nami sikuahidi kitu kikubwa. Adhuhuri nitakwenda kula mahali pako, Bi Shamsa asile pekee. Alasiri nitasimama ukutani hapa, hata Malindi nzima iseme nimesilimu. Na wakija wasichana wengine kwenye chumba hiki, kwa muda au kwa kudumu, nitawauliza mgongo umeamkaje. Wakinikasirikia nitanyamaza, nitawaacha lile la mkuu walimalizie wenyewe.

Pumzika, Bi Esha wangu. Umenyooka sasa na hakuna wa kukuinua mahali ulipo. Nilichelewa na mihogo, nilichelewa na mazishi, na hili nalo nimelijua kwa kuchelewa. Asante. Sikuwahi kukwambia, kwa sababu tulikuwa tukinyamaza.

Hiyo. Inaita.

Mikono nimeiweka mezani. Chumba kimetulia, nyuma ya kabati hakuna mtu, na mimi nimekwisha kutazama.

Ndoo.

Maneno haya ya mwisho nayapiga nimesimama.

Mwanao,
Kadzo